Je, Huruma Huzaa Dhambi?

Liko swali moja ambalo huulizwa katika mabaraza ya wazee wa kanisa, na katika vyumba vya walimu, na penye visima ambapo mama zetu hukutana. Na kila mahali huulizwa kwa sauti ya chini. Swali lenyewe ni hili: Msichana aliye bado mtoto wa nyumbani, mwenye miaka 15 au 16 au 17, akionekana kuwa na mimba wala hana mume, je, yafaa tumsaidie? Na tukimsaidia, tukamsindikiza kliniki, tukasema naye kwa upole, je, hatutakuwa tumewaambia wasichana wengine wote kwamba jambo hili si neno?

Wako wanaojibu upesi kwamba huruma huzaa dhambi. Husema, "Mtoto asipoiona aibu ya mwenzake, atajifunza wapi kuogopa?" Wako na wengine wanaojibu upesi kwa upande wa pili, ya kuwa siku hizi zimebadilika, na kila mtu aachwe na mambo yake. Sisi hatuoni kama mojawapo ya majibu haya latosha. La kwanza lamsahau msichana, na la pili laisahau dhambi. Kwa hiyo twataka kulipima swali hili polepole, kwa maana katika kipimo hiki mna uhai wa watu wawili.

Yafaa tuanze na mwili, kwa sababu mwili hauna subira. Mimba haingoji wazee wamalize shauri lao. Ubongo wa mtoto na uti wake wa mgongo huanza kufanyika katika mwezi wa kwanza, wakati ambapo aghalabu mama mwenyewe hajajua kwamba amechukua mimba. Kadiri miezi iendavyo, mtoto hujipatia chakula chake katika damu ya mama. Na ikiwa mama naye bado anakua, basi wawili hugombea sahani moja. Ndiyo sababu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri kwamba kila mwenye mimba aonane na watu wa afya mara 8 kabla ya kujifungua, na mara ya kwanza iwe kabla ya kutimia wiki 12.

Kazi ya siku ile ya kwanza si ndogo. Mwenye mimba hupimwa nguvu ya damu mishipani, ambayo watu huiita presha. Hutazamwa kama damu yake imepungua. Hupimwa kaswende, na virusi vya UKIMWI. Hupewa vidonge vya kuongeza damu, huchanjwa pepopunda, hupewa chandarua. Na mimba ikiingia mwezi wa nne huanza kupewa dawa ya kukinga malaria, ambayo hurudiwa katika ziara zifuatazo. Kila moja katika hizi lina faida yake. Kaswende ikigunduliwa mapema, sindano ya penisilini humponya mama na kumkinga mtoto. Katika kila watoto 100 wa akina mama wenye virusi vya UKIMWI wasiotumia dawa, watoto 15 mpaka 45 huambukizwa, ama tumboni, ama wakati wa kuzaliwa, ama kwa kunyonya. Lakini mama akizitumia dawa vema, hesabu hiyo hushuka chini ya 5. Mambo haya yote hufanyika kwa muda wa asubuhi moja, katika zahanati ya kawaida, wala hayahitaji majengo makubwa. Yahitaji jambo moja tu, yaani mwenye mimba awepo.

Na mwenye mimba akiwa mdogo, haja hiyo huzidi. Shirika lilelile latuambia kwamba akina mama wa miaka 10 mpaka 19 hupatwa na kifafa cha mimba, na maambukizo ya baada ya kuzaa, kuliko wale wa miaka 20 mpaka 24. Tena watoto wao huwa katika hatari zaidi ya kuzaliwa wepesi au kabla ya wakati. Huenda nyonga ya msichana haijakomaa. Mtoto akikwama njiani siku moja au mbili, kichwa chake hubana nyama laini za mama mpaka zikafa, na tundu likatokea kati ya kibofu na njia ya uzazi. Tangu hapo mkojo humvuja mchana na usiku. Ugonjwa huo ndio uitwao fistula. Aghalabu mtoto huyo hufa, na mama yake hubaki akikimbiwa na watu kwa ajili ya harufu. Madaktari huweza kumtibu kwa kumpasua, kama wafanyavyo katika hospitali ya CCBRT huko Dar es Salaam. Lakini ni afadhali mara mia safari moja ya hospitali iliyopangwa mapema, ili uchungu ukianza awepo mtu ajuaye kumpasua mama na kumtoa mtoto salama.

Basi na tuulize, msichana huyu huenda lini kliniki? Uchunguzi wa afya wa taifa uliofanywa Tanzania katika mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 waliozaa, 24 tu ndio waliokwenda kliniki katika miezi mitatu ya kwanza. Hao ni wanawake wote pamoja, na wengi wao wana waume na nyumba na wifi wa kuwasindikiza. Ikiwa hawa huchelewa hivi, yule ajifichaye atafika lini?

Sababu za kuchelewa kwake si ngeni kwa mtu akaaye kijijini. Kwanza, haamini. Hujiambia kwamba mwezi ujao mambo yatakuwa kama zamani, na mwezi ujao husema hivyo tena. Pili, hana nauli, wala hawezi kuomba nauli bila kusema aendako. Tatu, amekwisha kufundishwa kuogopa kupimwa. Katika shule nyingi za Tanzania Bara wasichana walikuwa wakipimwa mimba kwa zamu, na aliyeonekana kuwa nayo alifukuzwa. Yafaa tulifikiri jambo hili vema, sisi tulio walimu. Kipimo kile cha shule na kipimo cha kliniki ni kimoja. Lakini shuleni kilitumiwa ili msichana atoke, na kliniki hutumiwa ili aingie katika matunzo. Mtoto aliyejifunza kwa miaka kadhaa kwamba kupimwa ni kukamatwa, hataamini kwa siku moja kwamba kupimwa ni kusaidiwa. Atamkimbia mwuguzi kama alivyomkimbia mwalimu wa zamu.

Nne, liko benchi la kliniki. Serikali ya Tanzania imeweka katika sera yake kwamba wenye mimba na watoto wadogo watibiwe bila malipo katika vituo vyake. Neno hili ni jema sana. Walakini msichana akifika, ameketi katikati ya wanawake walio rika la mama yake, na wawili watatu kati yao huimba kwaya pamoja na mama yake. Mwuguzi humwuliza kwa sauti, "Mumeo yuko wapi?" Swali hilo lina sababu, maana ni vizuri mume na mke wapimwe pamoja, lakini kwa asiye na mume ni kama kengele ya kuwaita watu watazame. Mahali pengine huambiwa arudi na barua ya mwenyekiti wa kijiji ya kuthibitisha kwamba hana mwenzi. Ni msichana gani atakayekwenda kwa mwenyekiti, aliye pengine jirani ya baba yake, kuomba barua ya namna hiyo? Hurudi nyumbani, na kadi yake hubaki haijaandikwa.

Wazee wetu walisema, mficha uchi hazai. Waliona kwamba katika kuzaa hapana budi mtu akuone na kukushika, na mwenye kuona haya kupita kiasi huangamia na mtoto wake. Kwa desturi methali ile huambiwa mwenye mimba. Lakini yafaa kijiji nacho kiambiwe, kwa kuwa hakuna ajifichaye pasipo watu wa kufichwa. Tukimfanya mtu aone kwamba kuonekana ni kuangamizwa, tumemfundisha kujificha. Na tukisha kumfundisha, tusistaajabu akiwa mwanafunzi hodari.

Sasa tuyachukue maneno ya wale wasemao kwamba ukali huwazuia wengine. Si maneno ya wapumbavu, wala hayatoki katika roho mbaya. Mzazi mwenye binti wanne, mmoja wao akianguka, huwaogopea wale watatu. Lakini neno hili ni la kupimwa kwa matokeo, na matokeo yake twayajua. Tanzania Bara iliujaribu ukali kwa miaka mingi. Kanuni za elimu za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi afukuzwe kwa kosa la maadili, na mimba ilihesabiwa humo. Na mwezi wa Juni 2017 Rais John Magufuli alitangaza kwamba mwanafunzi akizaa hatarudi katika shule za Serikali. Mambo yalikaa hivyo mpaka Novemba 2021, wakati Serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan ilipotoa ruhusa warudi.

Je, katika miaka ile ya ukali mimba zilikoma? Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2004 na 2005 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wa miaka 15 mpaka 19, 26 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba. Mwaka 2010 walikuwa 23. Mwaka 2015 na 2016 walikuwa 27. Uchunguzi wa mwaka 2022 uliwakuta 22. Hatusemi kwamba ruhusa ya kurudi shule ndiyo iliyoishusha hesabu hii ya mwisho, maana ilikuwa imetolewa miezi michache tu kabla ya watu kuhesabiwa. Twasema neno dogo zaidi, ambalo hatuoni mtu awezaye kulikana: kwamba kufukuzwa na kuaibishwa kulikuwapo miaka yote ile, na hesabu ilipanda na kushuka kama isiyojua kwamba kupo. Msichana aliyedanganywa kwa nauli ya bodaboda, au aliyeshikwa kwa nguvu njiani akitoka shule, hakuwa na nafasi ya kukumbuka aibu ya mwenzake. Lakini akisha kuwa na mimba huikumbuka aibu ile kila saa. Kwa hiyo ukali haukufika mapema kuizuia dhambi, ila ulifika kwa wakati wake kuizuia kliniki.

Wala jambo hili si jipya katika historia ya watu wa Kristo. Huko Prussia, katika Ujerumani, ilikuwa desturi mwanamke aliyezaa nje ya ndoa asimamishwe mbele ya ushirika kutubu hadharani. Mwaka 1746 Mfalme Friedrich wa Pili aliiondoa adhabu hiyo, kwa kuwa ilionekana kwamba hofu ya kusimamishwa iliwafanya wasichana wafiche mimba na kuzaa mafichoni, na wengine waliwaua watoto wao. Mfalme yule hakuwa mtu wa kusifiwa kwa dini. Lakini hakutaka kuendelea na dawa iliyokuwa ikiua kuliko ugonjwa. Miaka 145 baadaye, yaani mwaka 1891, wamisionari waliotumwa kutoka Berlin, mji wa mfalme yule, walifika kwa Wanyakyusa kuhubiri Injili. Twawashukuru kwa Injili waliyoileta. Walakini hatuna haja ya kuzishika kwa nguvu desturi ambazo wenyewe wa Ulaya walikwisha kuona madhara yake kabla mwalimu wa kwanza hajaja kwetu.

Hapa mzee wa kanisa atatuuliza, "Je, mwataka kuondoa marudi katika kanisa? Tusimwonye mtu tena?" La, hatutaki hivyo. Kanisa lisiloonya ni kama mzazi asiyemwita mtoto wake jioni. Lakini twaomba yatenganishwe mambo mawili ambayo yamefungwa katika kanga moja. Marudi ni kumrudisha mtu, na neno lenyewe lasema hivyo. Aibu ya hadharani ni kumwonyesha mtu. Marudi hufanywa na wachache wampendao, faraghani, na mwisho wake ni yeye kuketi tena mahali pake. Aibu hufanywa na wengi wasiomjua, na haina mwisho, kwa kuwa hakuna aliyewekwa kusema, "Sasa yatosha." Tena marudi yaweza kungoja. Msichana aweza kuonywa mwezi wa sita, na hata mtoto akisha kubatizwa. Kifafa cha mimba hakingoji, wala damu ikimwagika haizoleki. Basi wenye hekima waanze na lile lisilongoja.

Maandiko yametuachia mfano wa jambo hili. Hajiri alikuwa kijakazi, akachukua mimba, akamdharau bibi yake. Kosa alikuwa nalo. Bibi yake akamtesa, naye akakimbilia jangwani na mimba yake. Malaika wa Bwana akamkuta penye chemchemi ya maji. Tuangalie jinsi alivyoanza. Hakuanza kwa kumhesabia makosa yake. Alimwuliza atoka wapi na aenda wapi. Akisha kusikia, akampa agizo zito la kurudi nyumbani na kunyenyekea. Basi, amri ilikuwapo, na onyo lilikuwapo, ila vilitanguliwa na swali, na vilimrudisha penye watu badala ya kumsukuma mbali zaidi. Na Hajiri alimwita Mungu kuwa ndiye amwonaye. Wasichana wetu wangapi wameonwa na kijiji kizima, wala hapana hata mmoja aliyewaona kwa namna ile?

Liko na neno la pili, nalo ni sehemu ya mwanamume. Mimba huonekana kwa mmoja tu kati ya wawili waliohusika. Na kwa kuwa macho ya watu hupenda kazi nyepesi, humhukumu yule aonekanaye. Yuda naye alifanya hivyo. Alipoambiwa kwamba Tamari mkwewe ana mimba, ilikuwa imepata kama miezi mitatu, akaamuru atolewe nje akachomwe moto. Ndipo Tamari alipotoa muhuri na kamba na fimbo, na vyote vilikuwa vya Yuda mwenyewe. Twaomba kila baraza la wazee, kabla ya kumwita msichana, lijiulize fimbo iko kwa nani.

Na sheria ya nchi imekwisha kutangulia katika jambo hili. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 yahesabu kuwa ni kubaka kulala na msichana wa chini ya miaka 18 asiye mkewe mtu huyo, hata kama alikubali. Na Sheria ya Elimu, ilivyorekebishwa mwaka 2016, yaruhusu mtu aliyempa mimba mwanafunzi afungwe miaka 30. Maana yake ni kwamba yule tumwitaye mkosaji mbele ya madhabahu, mbele ya sheria ndiye aliyekosewa. Twajua pia jinsi sheria hii inavyokwepwa. Jamaa za pande mbili huketi usiku, ng'ombe huhesabiwa, mwanamume huhamia mji mwingine, na msichana hufichwa kwa shangazi wa mbali ili asiulizwe na mtu. Hapo kliniki hukatazwa kwa sababu mpya, kwamba mwuguzi asije akaandika jina. Huruma tunayoitaka haimfichi mwanamume huyo. Kumtunza msichana na kumpeleka mwanamume mbele ya sheria ni kazi mbili za haki moja, na afanyaye ya kwanza ili kuikwepa ya pili hajafanya haki.

Tena twataka kusema wazi neno linalosemwa kwa nadra. Kanisa letu lafundisha kwamba mtoto aliye tumboni ni kiumbe cha Mungu, na kumwua ni dhambi. Sisi nasi twaamini hivyo. Lakini ni nini kimpelekacho msichana usiku kwa mtu wa mizizi na vijiti, ambako wengi hutoka na kidonda cha ndani kisichopona, na wengine hawatoki? Aghalabu ni hofu ya nyumbani na hofu ya kanisani. Mtu hawezi kuuhubiri uhai wa mtoto Jumapili, na Jumatatu akamfukuza mama yake nyumbani. Anayetaka mtoto azaliwe hana budi kumtaka na mama amzaaye.

Kanisa lina sababu nyingine ya kufikiri. Ni nani walioleta hospitali katika nchi yetu? Peramiho na Ndanda zilijengwa na Wabenediktini; Mvumi ni kazi ya Waanglikana, na Ilembula ya Walutheri; na mwaka 1992 makanisa yaliunda Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ili kuziangalia kazi zao za afya na elimu kwa pamoja. Basi Kanisa lilelile limejenga wodi ya wazazi, likaweka kitanda, likasomesha mkunga, likamngojea mwenye mimba. Na kijijini, maili 20 kutoka hapo, mzee wa Kanisa hilohilo humtazama msichana kwa jicho linalomfanya asifike. Mkono mmoja wafungua mlango na mwingine waufunga, na yote miwili ni ya mwili mmoja. Sadaka iliyojenga wodi ile ilitoka mfukoni mwa wazee hao hao. Twawaomba wasiipoteze sadaka yao wenyewe.

Basi kila mmoja afanye nini? Hatupendi kumaliza kwa maneno matupu.

Mama, na shangazi, na bibi, wawe watu wa kwanza kuambiwa. Hilo haliji kwa siku moja. Hujengwa kabla, kwa kusema na binti mambo ya mwili pasipo kumtisha, kama masomo na makungwi walivyosema na wari zamani, kila kabila kwa desturi yake. Binti akija na habari ile, maneno ya kwanza yawe machache: "Mwanangu, kesho tutakwenda pamoja." Hasira na machozi vina siku zao baadaye.

Baba asimfukuze binti. Baba amfukuzaye binti mwenye mimba adhani ameikomboa heshima yake; kumbe amemkabidhi mtoto wake kwa barabara, na barabara haina heshima. Aweke akiba ya fedha ya safari ya kujifungua, na kumjua mapema mwenye gari au pikipiki, maana uchungu wa uzazi hupenda kuanza usiku. Tena watu wote wa nyumbani wazijue dalili za hatari: kichwa kuuma sana, macho kuona giza, uso na mikono kuvimba, damu kutoka, homa, na mtoto kuacha kucheza tumboni. Ikionekana mojawapo ya hizi, mwenye mimba apelekwe hospitali siku ile ile, wala asingojee siku ya kliniki.

Mwuguzi amkaribishe. Aulize habari za mume kwa sauti ya chini, chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Asimrudishe mtu kwa sababu ya barua. Ikiwezekana, wasichana wapewe saa yao, wasiketishwe mbele ya macho ya majirani.

Mwalimu amwambie kwamba shule haikumfia. Ruhusa ya kurudi ipo tangu mwaka 2021, na ni wajibu wetu kuitangaza, maana wengi vijijini hawajaisikia. Msichana ajuaye kwamba ana kesho, huitunza leo yake.

Na wazee wa kanisa, pamoja na umoja wa wanawake, wachague mama mmoja au wawili wenye kifua cha kutunza siri, ili msichana asiye na wa kumwendea awe na nyumba moja ambayo mlango wake haufungwi. Mariamu alipokwisha kupata habari ya mimba yake alikwenda kwa haraka mpaka nchi ya milima, kwa Elisabeti aliyemzidi umri, akakaa naye kama miezi mitatu. Yeye alikuwa mtakatifu, wala hatumlinganishi na mtu. Lakini ikiwa yeye aliyebarikiwa kuliko wanawake wote alihitaji nyumba ya mwanamke mtu mzima katika miezi yake ya kwanza, itakuwaje kwa mtoto wa jirani?

Twajua kwamba huruma hii ina gharama. Yuko mtu atakayeisoma vibaya, akasema kwamba kanisa limelegea. Yuko labda na kijana atakayedhani kwamba mambo ni mepesi. Kwa hao dawa ni mafundisho, nayo yasikome: wavulana wafundishwe kuwaheshimu wasichana kama dada zao, na wasichana wafundishwe thamani yao na haki ya kukataa. Mafundisho hayo ni ya kabla. Lakini mimba ikisha kuingia, swali la kabla limekwisha kupita, na yaliyobaki ni maswali ya baadaye: mama huyu ataishi? Mtoto huyu atazaliwa mzima? Huwezi kujibu maswali ya baadaye kwa adhabu za kabla.

Basi, je, huruma huzaa dhambi? Sisi twajibu hivi. Dhambi ile ilizaliwa siku yake, na sehemu kubwa yake iko juu ya mtu ambaye pengine hata hajaitwa barazani. Huruma haikuwapo siku ile, kwa hiyo haiwezi kushtakiwa kwa kuizaa. Bali ikiwa msichana atakufa kwa kuwa aliogopa kutazamwa na jirani zake, hapo dhambi ya pili itakuwa imezaliwa kijijini. Na baraza halitakuwa na haja ya kuuliza baba yake ni nani.